Nani Kafagia Theluji ya Adeline?

Kijiwe cha mji mdogo wa Veslin hakiko kwenye kona, kwa sababu Januari ya Saskatchewan, huko Kanada, ukikaa kwenye kona utakutwa hapo hapo Aprili. Kiko ndani ya kituo cha mafuta, chini ya dirisha linalotazama barabara kuu, na benchi lake lilitolewa kwenye kanisa la Walutheri lililofungwa waumini walipobaki wanne, mmoja wao kiziwi. Tangu saa mbili asubuhi, jua likiwa bado halijafikiria kuamka, hukaa hapo wazee watatu. Orest Bilous anaitwa Redio, maana habari huitangaza kabla haijatokea. Abram Fehr ni Askofu, si kwa ucha Mungu, ila hukalia ncha ya benchi na kumwaga misemo, ihusike isihusike. Wa tatu ni Selmer Tveit, anayeitwa Trekta, kwa kuwa trekta analo na maneno hana. Kahawa anamimina Marivic, dada wa Kifilipino ambaye huu ni msimu wake wa pili wa baridi na bado haamini kwamba watu wanaishi hivi kwa hiari yao. Nani alipe, huamuliwa kwa dadu. Asubuhi hiyo kipimajoto cha nje kilisoma thelathini na mbili chini ya sifuri, na moshi wa nyumba ulisimama wima bila upepo wa kuutikisa.

— Jamani, Adeline Wasyliw amekwisha, — Redio alitangaza, dadu zikiwa bado zinazunguka mezani.

— Amekwisha vipi? Kafa?

— Afadhali angekufa, Askofu, tungejua la kufanya. Tungepika. Jana nimepita pale kwake jua linachomoza, namkuta mama wa watu kalala kifudifudi kwenye theluji mbele ya nyumba yake. Mrija mdomoni. Anapuliza mapovu ya sabuni.

— Mapovu?

— Ya sabuni! Kama mtoto kwenye beseni. Halafu ana kamera.

— Kwenye baridi hii?

— Hii hii. Kama kuna nyingine nionyeshe.

Selmer alikunywa kahawa yake akatazama viatu vyake. Theluji ya kwenye soli ilikuwa inayeyuka polepole, na alitamani iyeyuke haraka zaidi.

— Na njia yake umeiona? — Redio aliendelea. — Tangu Krismasi haijafagiwa. Theluji magotini.

Askofu akavuta pumzi. Hilo lilikuwa jambo zito kuliko mapovu. Veslin, njia ya mbele isiyofagiwa ina maana mbili tu: mwenye nyumba yuko hospitalini, au yuko kwenye sanduku. Maana ya tatu haipo, na haijawahi kuwepo tangu mji uanze. Mtu anaweza kukosa ibada, akakosa meno, akakosa hata mke, lakini njia yake atafagia.

— Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, — Askofu alisema kwa huzuni.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Itahusu tu. Subiri.

— Basi mimi sikusubiri. Nimempigia binti yake.

— Colleen? Wa Saskatoon?

— Huyo huyo. Nikamwambia, mwanangu, mama yako hajiwezi. Njia haifagii, analala kwenye theluji, anaongea na sabuni. Anakuja leo, kabla ya saa sita atakuwa hapa. Kule mjini ameshampatia chumba kwenye makazi ya wazee. Miadi yao ni leo leo alasiri. Mama akikubali, nyumba inauzwa kabla mbegu hazijaingia ardhini.

Selmer hilo alikuwa analijua, maana Redio alikuwa amemtangazia tangu jana jioni. Na kwa kuwa alilijua, leo alfajiri alikuwa ameliwasha trekta lake, ambalo tangu kabla ya Krismasi mpaka juzi lilikuwa limelala bila pampu likingoja kipuri, akaenda taratibu mpaka kwa Adeline huku taa zimezimwa. Alifagia njia ya mbele. Alifagia ngazi. Kisha akaona haitoshi, akafagia ua wote wa mbele mpaka nyasi za mwaka jana zikaonekana. Colleen akifika atakuta nyumba ya mtu anayejiweza, atanywa chai, atarudi zake mjini. Ukweli ni kwamba Selmer hakutaka Adeline aende Saskatoon. Alimpenda, basi, hakuna haja ya kuzungukazunguka. Tangu Harvey Wasyliw afariki alikuwa akimfagilia hivyo, gizani, bila kusema neno. Ndivyo desturi ilivyo: anayefagia hasemi, anayefagiliwa haulizi.

— Lakini mapovu ya nini? — Askofu alikuwa bado hajatoka hapo. — Mtu hapulizi mapovu bure. Mimi naona anayeyusha theluji. Hana nguvu za koleo, kaamua kutumia sabuni.

— Sabuni haiyeyushi theluji, bwana. Chumvi ndiyo inayeyusha.

— Labda chumvi kakatazwa na daktari.

— Kakatazwa kuila, si kuimwaga! Mimi nakwambia ni majonzi. Harvey alikuwa anapenda nini? Kuosha gari. Kila Jumamosi, sabuni hadi barabarani. Sasa mjane anamtumia ujumbe. Povu linapanda, linafika kule juu, Harvey anaona, anasema, aha, leo Jumamosi.

— Jana ilikuwa Jumatano.

— Mtu akishakufa kila siku ni Jumamosi.

Marivic alikuwa akijaza vikombe. Alitikisa kichwa, akaenda zake kupanga mikate ya mdalasini.

— La, la, la, — Askofu alisema, akasogea mbele hadi benchi likalia. — Sikiliza. Fundi wa bomba akitafuta gesi inavuja wapi, anapaka nini? Sabuni! Mapovu yakifura, pana gesi. Huyu mama amegundua gesi chini ya nyumba yake. Anapima kimya kimya. Ndiyo maana hafagii, hataki nyayo za mtu pale. Kamera ni ya ushahidi wa mahakamani. Siku si nyingi utamwona na wakili.

Redio alichukua dadu, akazirudisha mezani bila kuzirusha. Nadharia ya gesi ilikuwa nzuri kuliko yake na ilimuuma.

— Gesi ni mambo madogo, — akasema hatimaye. — Kuna mitambo kule angani inayopiga picha ardhi yote. Kwenye theluji nyeupe, povu linalong'aa linaonekana kama nini? Kama taa ya uwanja wa ndege. Anamwongoza mtu. Mtu gani, sijui. Kutua wapi, sijui. Lakini mwanamke aliyeendesha basi la shule miaka thelathini kwenye dhoruba bila kumpoteza mtoto hata mmoja, huyo anajua kuongoza.

— Paka akiondoka, panya hutawala, — Askofu aliafiki.

— Haswa! Eti wewe Trekta, unaonaje?

— Sioni kitu, — Selmer alisema.

— Huyu naye. Ukimtia kwenye chungu na jiwe, jiwe litaanza kuongea kabla yake.

Mlango ukafunguka. Baridi iliingia kwanza, Adeline Wasyliw akafuata nyuma yake. Alikuwa amevaa ovaroli la marehemu mumewe, miguu imekunjwa mara mbili, kofia ya manyoya imeshuka mpaka kwenye nyusi, na nyusi zenyewe nyeupe kwa barafu. Kwapani alikuwa amebana kamera ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa barabara, maana kamera ikitoka kwenye baridi kama ile ikaingia kwenye joto ikiwa wazi, hutoka jasho mpaka tumboni. Mkono mwingine ulikuwa umekumbatia chupa ya kioo, kifuani, kama mtu aliyebeba kifaranga.

— Hamjambo, wazee.

— Hatujambo, mama. Karibu kahawa.

— Sikuja kunywa. Nina swali moja. Nani kafagia theluji yangu?

Desturi ilikuwa imevunjwa mchana kweupe, au tuseme asubuhi yenye giza. Redio alikohoa, akapapasa kola ya shati.

— Aa, mama Adeline. Mambo hayo huwa hayaulizwi. Jirani ni jirani.

— Kwa hiyo ni wewe, Orest?

— Sikusema ni mimi. — Akatabasamu akitazama dari. — Wala sikusema si mimi.

Askofu hakukubali kuachwa nyuma.

— Wahenga walisema tenda wema uende zako. Mimi alfajiri hii nilikuwa naenda zangu.

— Kwa hiyo ni wewe, Abram?

— Nasema tu nilikuwa naenda zangu.

Adeline alitikisa kichwa polepole.

— Vizuri. Kwa sababu huyo aliyefagia namtafuta nimvunje mguu.

— Koleo langu halina hata mpini! — Redio alipaza sauti.

— Mimi mgongo! — Askofu alisema. — Muulize daktari! Tangu Novemba sijainama hata kufunga kamba za viatu!

Selmer aliingiza viatu vyake chini ya benchi.

— Nyinyi watu, — Adeline alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kuwanyamazisha watoto arobaini wa nyuma ya basi bila kugeuza shingo. — Theluji ile nimeitunza tangu Krismasi. Natumia mlango wa nyuma, nazunguka na takataka zangu, nazunguka na mikoba yangu, ili mbele pasikanyagwe. Hata mbwa wa jirani nimempigia magoti. Kwa nini? Kwa sababu mbele ndiko jua linakochomoza. Kiputo cha sabuni ukikiweka kwenye barafu ngumu kinapasuka. Kwenye nyasi kinapasuka. Kinataka theluji laini, mpya, isiyoguswa, na jua liwe nyuma yake, chini kabisa. Na upepo usiwepo. Siku nzima bila upepo, Saskatchewan! Mnajua zinakuja ngapi? Leo ndiyo imekuja. Natoka nje na mchanganyiko wangu nakuta nini? Nakuta nyasi! Januari, nyasi! Na tone la oili!

— Mchanganyiko wa nini? — Askofu aliuliza, kwa unyonge, maana nadharia ya gesi ilikuwa inamfia mikononi.

— Maji ya moto, sabuni ya vyombo, shira ya mahindi, na sukari kidogo. Unaupoza. Sabuni peke yake ngozi yake nyembamba, inachanika. Shira inaipa unene, barafu inapata pa kutambaa.

— Shira nyeupe au ya kahawia?

— Nyeupe, Abram. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza jambo la maana.

Askofu akavimba kichwa.

— Sasa yote hayo ni ya nini, mama? — Redio alisema. — Samahani, lakini watu wanaongea.

— Watu ni wewe. Na aliyempigia Colleen simuulizi, maana kwenye mji huu redio ni moja tu. — Redio akainama kutafuta dadu ambayo haikuwa imeanguka. — Jana usiku Colleen kanipigia analia. Nimemwambia njoo, lakini usije na maboksi. Njoo uone ninachofanya pale mbele. Ukishaona, ukisema mama yako kichaa, sawa, nitakwenda kuona hicho chumba. Nimempa neno langu. Nilitaka akute kiputo kinaganda mbele ya macho yake, kwenye ua wangu. Sasa atakuta mwanamke mzee ana chupa ya sabuni, amesimama kwenye nyasi. Mmeninyang'anya shahidi wangu.

Dirishani, giza lilikuwa limeanza kupata rangi upande wa mashariki, na jua halikuwa mbali.

— Miaka thelathini nimeiangalia baridi hii kupitia kioo cha basi, — Adeline aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. — Kama adui. Imenila vidole viwili vya mguu, mnajua. Harvey alipokufa nikasema sasa nitashuka niitazame usoni. Na nikakuta inatengeneza vitu, mle ndani ya kiputo, nyota na manyoya, sekunde chache, halafu basi. Nimeishi hapa miaka sabini na minne hakuna aliyeniambia. Sasa mnataka nikaione kupitia dirisha la ghorofa ya tatu, na blanketi miguuni? Siendi. Baridi hii ni yangu, nimeilipia.

Selmer akaweka kikombe chini. Kahawa ikamwagika kwenye dadu.

— Mimi, — akasema.

— Wewe nini? — Redio aliuliza.

— Mimi ndiye niliyefagia.

Kijiwe kizima kiligeuka. Kuna watu waliokuwa hawajasikia sentensi ya maneno matatu kutoka kwa Selmer tangu mavuno.

— Nilijua, — Adeline alisema. — Mlio wa trekta lako naujua hata usingizini, kuliko mlio wa jokofu langu. Nilitaka kusikia ukisema. Misimu miwili unaingia uani kwangu gizani kama mwizi wa kuku. Tofauti ni kwamba mwizi anachukua na wewe unaleta, lakini hodi hapigi hata mmoja wenu.

— Nilitaka Colleen asipate sababu, — Selmer alisema. Masikio yalikuwa yamemwiva. — Nilitaka ubaki.

— Ungeniuliza.

— Ningekuuliza saa ngapi? Nilikuja saa kumi na moja.

— Mchana, Selmer! Kuna mchana! Watu wanakuja mchana, wanabisha, wanapewa chai!

Askofu akafungua mdomo atoe msemo, Marivic akamwekea mkate wa mdalasini mbele yake akaufunga.

— Sasa tufanye nini? — Selmer aliuliza, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza kijiweni msimu huo.

— Nipatie theluji. Haijaguswa, inaangalia mashariki, kabla jua halijapanda juu ya paa. Wewe ndiye unayejua theluji ya mji huu.

Hapo ndipo ilipodhihirika balaa. Walianza kutaja mahali kwa mahali. Uwanja wa shule? Umefagiwa. Nani? Trekta. Kwa wajane wa mtaa wa nyuma? Trekta. Makaburini? Trekta, juzi, kwa sababu ya mazishi, na kwa kuwa alikuwa hapo akamaliza makaburi yote. Uwanja wa besiboli? Wajukuu wa Askofu wameuchana kwa pikipiki za theluji. Shamba la nyuma ya ghala la nafaka? Mbali, jua litakuwa limepanda.

— Yaani miezi sita theluji mpaka kiunoni, — Redio alisema kwa mshangao wa kweli, — na hakuna beseni moja la kuazima!

— Umefagia nchi nzima, Trekta, — Askofu alisema. — Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Selmer hakuwasikia. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha, anatazama chini. Nje, ukutani chini ya dirisha lile, kulikuwa na meza ya mbao yenye mabenchi yake, kijiwe cha kiangazi, ambayo tangu Oktoba hakuna aliyeikumbuka. Juu yake theluji ilikuwa imelala kama unga uliochekechwa, laini, haina hata unyayo wa ndege. Na ilikuwa inatazama mashariki, moja kwa moja kufuata barabara kuu, kule anga lilikokuwa linawaka.

— Pale, — akasema.

Adeline akaja akatazama. Hakusema asante. Alivuta kofia chini, akaelekea mlangoni, na mlangoni akageuka.

— Mnangoja nini? Vaeni!

Walivaa. Ilichukua muda kwa sababu Askofu kweli alikuwa hawezi kuinama. Marivic aligeuza kibao cha mlangoni, akavaa koti juu ya aproni, naye akatoka. Kahawa ikabaki inachemka peke yake. Nje, hewa iliwakata puani. Adeline aliitoa kamera kwenye mfuko, akaisimamisha kwenye miguu yake mitatu upande wa ukuta, na kuanza kugawa kazi kama mtu anayepakia watoto kwenye basi.

— Orest, chupa hii iweke ndani ya koti, kifuani, isigande. Abram, fungua koti lako usimame pale, uzuie upepo wa magari ya barabarani. Marivic, mwanangu, simama na mimi uniangalizie kioo cha kamera. Selmer.

— Naam.

— Wewe mikono mfukoni. Usiguse kitu.

— Sawa.

— Na sikilizeni wote. Kiputo kinaogopa pumzi. Mtu akiongea kimepasuka. Kikishakaa kwenye theluji, nikinyoosha kidole, hakuna kupumua.

Alipiga magoti kwenye theluji, akachovya mrija, akapuliza. Cha kwanza kilipasuka hewani. Cha pili kilitua, kikaanza kuganda upande mmoja, kisha kikabonyea kama kofia iliyokaliwa. Redio akafyonya. Adeline akamtazama, naye akaziba mdomo kwa glovu. Cha tatu kikapasuka. Vidole vya Adeline vilikuwa vimekuwa vyeupe, akaviingiza kwapani, akahesabu kimya kimya, akavitoa tena. Jua lilikuwa limeshatokeza ukingo wake mwishoni mwa barabara kuu, jekundu, bila joto lolote.

— Utaumia vidole, — Selmer alisema, taratibu.

— Ninavyo vinane vya mguu na kumi vya mkono. Vinatosha.

Cha nne kilitoka kwenye mrija kikubwa kama chungwa. Kilitua kwenye theluji ya ile meza, kikatikisika, kikatulia. Adeline akanyoosha kidole. Wote wakazuia pumzi.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha chini, pale kiputo kilipogusa theluji, weupe ukaanza kuota. Ulitambaa kwenda juu, nyota moja, nyota nyingine, kila moja ikitoa manyoya, manyoya yakikimbizana juu ya ngozi ile iliyokuwa bado inazunguka rangi. Jua likaingia ndani yake kwa nyuma, na kiputo kizima kikawaka dhahabu. Selmer alikuwa ameishi na barafu miaka sitini na minane. Aliikwangua, akaivunja, akaisukuma kwa koleo la chuma, akaitukana kwa lugha mbili. Hakuwahi kuiona. Kamera ilikuwa inalia tik, tik, tik, na machozi yalikuwa yanamganda Selmer kwenye kope, akayaacha yagande.

Hapo ndipo gari jekundu lilipoingia kituoni kutoka barabara ya Saskatoon. Lilisimama kando ya pampu, injini ikaachwa inanguruma, na akashuka mwanamke wa makamo mwenye koti la mjini. Ni Colleen, na alikuwa amewahi kuliko alivyosema. Alikuwa anataka mafuta tu kabla ya kwenda kumwona mama yake. Badala yake alimkuta mama yake amepiga magoti mbele ya meza, amezungukwa na wazee watatu na mtu wa dukani, mmoja amefungua koti kama popo, mmoja amekumbatia chupa kifuani, hakuna anayetikisika.

— Mama?

Adeline hakugeuka. Kidole kilikuwa bado kimenyooka.

Colleen alikuja akiwa na hasira ya saa mbili za barabara ya barafu. Akapita nyuma ya Askofu, akafungua mdomo aseme, na hapo macho yake yakaangukia kile kilichokuwa juu ya theluji. Nyota mbili za mwisho zilikuwa zinaelekeana kule juu. Zikagusana. Kiputo kikafunga, kikawa tufe la manyoya meupe lenye jua ndani yake, kikakaa.

Alisimama hapo muda mrefu. Akamtazama mama yake, mgongo umenyooka, mkono hautetemeki kwenye kamera, nyusi nyeupe kama za mfalme fulani wa huko kaskazini. Kisha akawatazama wazee, mmoja mmoja, pua zao nyekundu zinazochuruzika.

— Nani kati yenu, — aliuliza, — alinipigia simu akaniambia mama yangu hajiwezi?

Redio, ambaye maishani mwake hakuwahi kuacha swali lipite bila jibu, alikumbatia chupa. Alizuia pumzi mpaka macho yakamtoka. Askofu alikuwa na misemo yote ya dunia na hakuna hata mmoja uliokuja. Selmer alitazama kiputo.

— Hawawezi kukujibu, — Adeline alisema, kwa mnong'ono, bila kuondoa jicho kwenye kamera. — Nimewakataza kupumua. Ni kwa ajili hiyo tu wananifaa. Wapigie watu wa hicho chumba uwaambie wasinisubiri. Halafu njoo upige magoti hapa, nikufundishe kupuliza. Sogea kulia kidogo, unanikatia mwanga.

Colleen akasogea kulia. Alikaa hivyo kidogo, pumzi imefungwa naye pia, mpaka kiputo kilipochanika ubavuni na kukunjika taratibu kama karatasi. Kisha akageuka, akatembea mpaka kwenye gari lake. Redio alifumba macho. Mlango ukafunguliwa, na mngurumo wa injini ukakatika.

Veslin, kwenye baridi kama hiyo, mpita njia hazimi gari. Analiacha lingurume, kwa sababu likizimwa dakika ishirini haliwaki tena mpaka lichomekwe umeme wa kuipasha injini moto, na anayechomeka gari ameamua kukaa. Colleen alifungua boneti, akavuta waya mrefu wa umeme uliokuwa umeviringwa mle ndani, akasimama ameushika mkononi.

— Soketi iko wapi? — akauliza.

Adeline alikuwa tayari ana mrija mdomoni, kidole kimenyooka tena, kiputo kipya kinatua. Hakuna aliyethubutu kupumua. Wakanyoosha mikono wote kwa pamoja, kumwonyesha.